Mchoraji aliyepewa kazi ya kuchora mzimu usioonekana

Mwaka 1475 Margaret wa York, mke wa Charles mtawala wa Burgundy, dola ya Ulaya magharibi, aliandikiwa vitabu viwili vya habari za wafu. Aliyevinakili alikuwa David Aubert. Picha zinahusishwa na Simon Marmion, mchoraji wa Valenciennes. Vimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama iliyolowekwa kwenye chokaa, ikawambwa na kukwanguliwa hadi ikalainika. Leo vimo katika Makumbusho ya Getty, Los Angeles.

Cha kwanza ni kisa cha Tondal, askari wa farasi wa Ireland. Alikwenda kudai deni la farasi watatu, akaanguka mezani, na kwa siku tatu malaika akaitembeza roho yake kwenye mateso na raha za ahera. Humo Marmion hakubania rangi: moto, mashetani, domo la dubwana lililotanuliwa na majitu mawili. Lililo kali zaidi ni daraja jembamba lenye misumari. Tondal aliwahi kuiba ng'ombe, basi anaamriwa amvushe ng'ombe huyo huyo. Katikati anakutana na mwizi mwingine aliyejitwika mganda wa ngano aliouiba. Kupishana hawawezi, kurudi hawawezi. Sijui hakimu aliyewahi kubuni adhabu kama hiyo.

Cha pili kina picha moja tu. Guy de Thurno amekufa, naye anarudi kumsumbua mjane wake. Anasikika, haonekani. Kisa hiki kinatokana na taarifa ya Jean Gobi, mkuu wa watawa Wadominiko wa Alès, kusini mwa Ufaransa, aliyekwenda kuuhoji mzimu wa aina hiyo mwishoni mwa 1323; ulipopita, waliokuwapo walisikia kama ufagio unafagia sakafu. Kilichotafutwa ni majibu ya dini: yuko wapi, na sala zipi zinamfaa? Marehemu alikuwa toharani, mahali ambapo Wakatoliki huamini roho husafishwa kabla ya kuingia mbinguni, na misa za walio hai zilimpunguzia muda. Hapo unaelewa kwa nini mama tajiri na mcha Mungu angegharimia kitabu kama hiki.

Sasa mchoraji afanyeje? Wenzake walizoea kuchora wafu kama maiti waliovikwa sanda. Marmion aliwachora watu wamekusanyika chumbani wakizunguka nafasi tupu, basi. Binafsi naona ndiyo picha ya mzimu yenye akili kuliko zote za enzi hizo. Imo kwenye tovuti ya makumbusho. Ukiifungua, fuata kwanza macho ya watu yanakoelekea.