Majani ya saladi yenye ukali: yachume machanga, uyale mabichi

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu haradali na arugula (mboga ya saladi iitwayo pia roketi) ni kwamba majani yanawasha mno na watoto wanayakataa. Mara nyingi mbegu haina kosa. Mboga imecheleweshwa kuchumwa, au imekosa maji.

Jani likiwa zima huwa halina ukali mwingi. Ukilikata au kulitafuna, kimeng'enya kilicho ndani yake hukutana na viambato vyenye salfa, na hapo ndipo ukali unapotokea. Joto na ukame huzidisha ukali huo, tena huufanya mmea ukimbilie kutoa maua. Ndiyo maana ubaridi wa Juni hadi Agosti huku Mbeya, Iringa na Njombe unazifaa sana mboga hizi, ilimradi umwagilie, kwa kuwa mvua zimekwisha.

Huhitaji shamba. Beseni kuukuu lililotobolewa chini, lenye kina cha sentimita 20, linatosha. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, sia mbegu kwenye mifereji ya kina cha sentimita 1, kisha funika kidogo tu. Sia nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu ili mboga isikatike jikoni. Ukiona majani yana vitundu vidogo kama yametobolewa kwa sindano, hao ni mbawakawa wadogo wanaorukaruka. Funika tuta kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia.

Baada ya wiki nne hadi sita, chuma majani ya nje yakiwa na urefu wa kidole na uache moyo wa mmea uendelee kuchipua. Yaoshe kwa maji safi na salama, hasa kama bustani inamwagiliwa maji ya mfereji wa wazi. Kwa wanaoanza, napendekeza kachumbari ya majani haya na parachichi la Rungwe, nyanya, ndimu na chumvi: mafuta ya parachichi hupoza ukali vizuri sana. Ukiyachemsha majani muda mrefu ukali hupotea, na sehemu kubwa ya vitamini C nayo hupotea. Kwenye maharage, yatie ukishaepua sufuria.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kabla ya kuongeza mboga hizi, kwa sababu zina vitamini K kwa wingi.

Ili upate mbegu, acha miche michache ya arugula ichanue; haizaliani na chainizi wala kabichi. Maganda ya mbegu yakikauka na kuwa rangi ya kahawia, yakate asubuhi kabla hayajapasuka, uyatie kwenye mfuko wa karatasi.