Kobe uliyemkuta barabarani baada ya mvua hajapotea

Masika yakianza tu simu yangu inajaa picha za aina moja, kobe mdogo kajaa tope, yuko katikati ya barabara, na swali ni lilelile: huyu nimtupe mtoni au nimpeleke home? Jamani yote mawili hapana. Huyo anahama.

Mara nyingi anakuwa Pelomedusa, kobe wa madimbwi. Gamba bapa la rangi ya tope, wengi wanacheza kwenye sentimita 20 hivi, na chini ya kidevu ana vijindevu viwili. Yeye kazoea maji ya msimu, yaani madimbwi ya mvua, malambo ya ng'ombe, mashimo walipochimba udongo wa matofali. Maji yakikauka anajichimbia kwenye tope anatulia humo hata miezi, mvua ikirudi anatoka na kutembea kwa miguu kutafuta dimbwi jingine, ndo hapo mnakutana nae. Sa ukimtupa kwenye mto wenye mkondo na mamba unaona umemsaidia kumbe umemmaliza.

Wa mtoni ni wengine, Pelusios. Kuwatofautisha angalia gamba la tumbo: Pelusios ana bawaba, kile kipande cha mbele kinapanda juu na kufunga, kichwa na miguu ya mbele vinabaki salama ndani. Pelomedusa hana hiyo kitu, tumbo lake halijongei. Ila wote shingo haivutwi moja kwa moja ndani kama ya kobe wa nchi kavu, inakunjwa pembeni na kichwa kinalazwa chini ya ukingo wa gamba, ukimchungulia kwa mbele unaona jicho moja tu linakutazama.

Mkubwa wao ni Pelusios sinuatus, anaweza kupita sentimita 40, ukingo wa nyuma wa gamba una menomeno. Yuko Rufiji, yuko Mara, yuko Ziwa Tanganyika. Anapenda kuota jua juu ya magogo na mawe, na hata mgongoni kwa kiboko, wala kiboko hana habari nae. Anakula sana konokono. Yule wa madimbwi hachagui kabisa: viluwiluwi, vyura, wadudu, mizoga, na ameshaonekana akimkamata njiwa aliyekuja kunywa maji na kumvuta chini, na pia kuchomoa kupe kwenye faru na nyati waliolala dimbwini. Watu wanamuonaga mpole sana, haya.

Kusini huko, Ziwa Nyasa na Ruvuma, kuna Cycloderma, gamba lake limefunikwa ngozi badala ya vigae, pua ndefu, na tumboni ana vipande viwili vya ngozi vinavyofunika miguu ya nyuma akiivuta ndani. Anajifukia mchangani chini ya maji, kumuona ni bahati.

Tukirudi barabarani: mshike nyuma ya gamba pande zote mbili, mbali na mdomo maana anang'ata na kucha zake zinachana, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, basi. Jiandae kwa harufu lakini, Pelomedusa ana tezi pembeni mwa gamba na akikasirika anatoa uvundo ambao hautoki mkononi kirahisi. Nawa kwa sabuni hata kama hakunuka, kobe wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, ndo maana Marekani tangu 1975 imepiga marufuku kuuza wale wadogo wa chini ya inchi 4 kama wa kufuga.

Na ukimkuta jike anachimba shambani kwako mwache amalize, anataga. Kama lazima uyahamishe mayai usiyageuze, upande uliokuwa juu ubaki juu hivyohivyo, ukiligeuza kijusi kinaweza kufa humohumo ndani.