Umejaza namba za watu kwenye simu, mbona oda haziji?

Kwenye Nane Nane moja, viwanja vya Themi pale Njiro, Arusha, nilisimama karibu na meza ya mama anayesindika siagi ya karanga huko Pasua, Moshi. Vumbi limetanda, na spika za banda la jirani zinapiga muziki mpaka chupa zinatetemeka mezani. Akaja kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya loji. Akaonja kwa kijiko cha plastiki, akarudia kuonja.

"Shikamoo mama. Hii kwa wiki unaweza kutuletea kiasi gani?"

"Marahaba. Nyingi tu, mwanangu. Wewe sema unataka ngapi."

Kijana akatabasamu, akachukua kadi, akapotelea kwenye umati. Mama akanigeukia kwa furaha: tangu maonesho yaanze ameshagawa kadi mia moja na sitini! Nikamuuliza yule kijana anaitwa nani, loji yake iko Karatu au Usa River, namba yake ni ipi. Hakujua hata moja.

Kazi yangu ni kufundisha na kushauri wafanyabiashara wadogo katika taasisi ya mafunzo hapa Moshi, na swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nifanyeje nipate koneksheni?" Neno lenyewe limechafuka. Ukisema mahali fulani wanaangalia kujuana, msikilizaji anamwona mjomba, bahasha na mlango wa nyuma. Ndiyo maana watu wengi waaminifu wanaona haya kutafuta watu, wanahisi ni kujipendekeza. Mimi nikisema mtandao wa biashara nina maana ya watu ambao, wakisikia kuna mtu anatafuta kile unachouza, jina lako linawajia haraka, na hawaogopi kulitaja.

Hilo la kutoogopa ndilo zito. Anayekuunganisha na mteja anaweka jina lake rehani. Miaka kadhaa iliyopita mwenye shule moja aliniuliza kama namfahamu fundi wa madawati. Nikampa namba ya seremala wa mtaani kwetu, mtu mcheshi, mchapakazi. Madawati arobaini yalifika siku ile ile aliyoahidi. Kumbe mbao zilikuwa mbichi. Haikupita miezi miwili yakaanza kujipinda, misumari ikachungulia na kuchana sketi za wanafunzi. Seremala alikuwa ameshalipwa, na simu yake haikupokelewa. Aliyepigiwa simu ni mimi. Mpaka leo mtu akiniuliza fundi, hata kama ninaye mzuri, nasita kidogo kabla ya kumtaja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta watu, jiulize kama wewe ni mtu rahisi kutajwa. Mtunza stoo wa hoteli, hata akikupenda vipi, hawezi kukupitisha kwa mhasibu wake kama huna namba ya mlipakodi, huna leseni ya biashara na huwezi kutoa risiti inayotambulika. Bidhaa ya chakula isiyo na alama ya TBS, shirika la viwango, inamtia kwenye matatizo ya kazi. Wanaosindika vyakula wengi huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na ofisi zake zipo katika mikoa yote miwili, Arusha na Kilimanjaro. Nenda hata kama huna hakika unachokitaka. Mara nyingi foleni ya pale ndiyo darasa: unakaa benchi moja na mtu ambaye tayari amepita ulipokwama.

Turudi kwa mama wa Pasua, kwa sababu kosa lake ni la wengi. Aliulizwa kiasi, akajibu "nyingi tu". Kwa mnunuzi wa hoteli jibu hilo lina maana moja: huyu hajui uwezo wake. Nilikaa naye jioni tukahesabu. Mashine yake inasaga kiasi gani kwa saa, umeme unakatika mara ngapi, chupa anazipata wapi, nani anamsaidia kukaanga. Tukafika kwenye chupa tisini kwa wiki bila kuhangaika, za gramu mia nne. Kesho yake alikuwa akijibu hivi: "Nasindika siagi ya karanga Pasua, haina sukari wala mafuta ya kuongeza. Kwa wiki natoa chupa tisini, sasa hivi sitini zina wenyewe. Nikipata oda ya kudumu ya thelathini, naileta mwenyewe kila Alhamisi." Sekunde kumi na tano. Anayesikiliza anajua amsaidie kwa lipi, na akikutana na mtu wa hoteli atakuwa na cha kusema. Ukijibu "nafanya biashara ndogo ndogo" umemnyima hata pa kuanzia.

Sasa, watu wenyewe wanapatikana wapi? Wengi wetu tunaanza na kikoba, kanisa au msikiti, ndugu na majirani. Ni vizuri, na ukiuguliwa hao ndio watakaokuja. Ila kwa habari za biashara, kikoba cha watu ishirini na tano wa mtaa mmoja wa Ngarenaro kina kasoro yake: wote wananunua duka lile lile na wanasikia tetesi zile zile. Msusi akikosa wateja, wanakikoba wenzake nao hawana wa kumpa, maana wao wenyewe ndio wateja wake. Mwaka 1973, mwaka ule ule SIDO ilipoundwa, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana. Alikuwa amewahoji watu wa kitongoji cha Boston waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Wengi wao, huyo aliyewaambia hakuwa rafiki wa kuonana naye kila mara; alikuwa mtu wa mara moja moja. Marafiki wa karibu tunajua nao yale yale. Mtu wa mbali anatoka kwenye duara lingine, na huko ndiko kuna habari mpya.

Hapa kwetu watu wa mbali wa aina hiyo ni dereva wa gari za utalii anayelala Karatu leo na Mto wa Mbu kesho. Ni wakala wa fedha kwa simu pale stendi, ni mama lishe wa karibu na ofisi za halmashauri, ni fundi friji anayeingia jikoni kwa kila hoteli. Ukiniuliza mimi, fundi friji ana thamani kuliko mkurugenzi. Mkurugenzi hajui kwamba mleta mayai amekosa kuja wiki mbili; fundi friji ameliona trei tupu kwa macho yake.

Ukishakutana na mtu, kazi ndiyo inaanza, na hapa ndipo wengi tunaanguka. Angalia unavyosevu majina. "Juma" wako wangapi kwenye simu yako? Sevu "Juma Stoo Loji Karatu Themi Agosti", upate mtu, kazi, mahali na siku mliyokutana. Wenye daftari waandike na neno moja alilolisema, kwamba mwanawe anaanza kidato cha kwanza au kwamba anatafuta mtu wa mboga za majani. Kisha mwandikie kabla hajakusahau, ndani ya siku mbili tatu. Ujumbe usiwe mrefu na usianze na bei. Mama wa Pasua, tulipoipata namba ya yule kijana kwa kuzunguka mabanda ya hoteli, aliandika: "Habari za kazi mwanangu. Ni mama wa siagi ya karanga uliyoionja juzi Themi. Uliniuliza kiasi, nikakujibu ovyo. Naweza kukuletea chupa thelathini kila Alhamisi. Pia nimesikia mnatafuta mtu wa asali. Nina jirani yangu wa Longido, nikupe namba yake?"

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyojibiwa kwanza. Hakuwa ameuza chupa hata moja, lakini tayari alikuwa amemsaidia.

Na mtu akikuunganisha, mrudishie majibu. Mpigie umwambie nilikwenda, tumekubaliana hivi, au hatukuelewana kwa sababu hii. Dakika mbili tu. Katika madarasa yetu nikiuliza nani amewahi kufanya hivyo, mikono inayoinuka ni michache mno, halafu watu hao hao wanalalamika kwamba fulani siku hizi hasaidii.

Washindani nao wasikutishe. Mafundi cherehani wa Moshi wanaujua mwezi wa Desemba: oda za sare za shule zinakuja kwa mkupuo, fundi mmoja anapewa sare mia tatu na ana vyerehani viwili. Anayezikumbatia zote peke yake hukesha, huchelewa, na mwaka unaofuata hazioni. Anayempigia mwenzake wagawane anamaliza kwa wakati na Januari anaitwa tena. Wakulima wadogo wa kahawa wa mlima huu walilijua hilo mapema. Chama chao cha kwanza kilianza mwaka 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Hata mali kauli, ile ya kupewa mzigo kwa neno lako tu ukalipe ukishauza, hutoka kwa watu wa sokoni waliokuona ukitimiza ahadi ndogo kwanza.

Makundi ya WhatsApp sina mengi ya kuyasema. Ukitupia tangazo lile lile kila asubuhi, watu wanalipita kama bango la zamani. Jibu swali la mtu mara moja kwa wiki, watakukumbuka.

Kuna mtu mmoja tunamruka sana: afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hupitia kwake. Vilevile taasisi za umma hutakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, na zabuni hizo siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni. Yeye anaweza kukueleza kikundi chenu kianzie wapi. Msiende siku mnayotaka hela. Nendeni mapema, awajue kwa sura na kwa kazi.

Na wa mahoteli wana majira yao. Kuanzia Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa, mtunza stoo hana hata muda wa kumeza chai, na sampuli yako itaachwa kwa mlinzi. Nenda wakati wa masika, Aprili na Mei, barabara zina tope na kambi nyingine zimefungwa kwa ukarabati. Mtunza stoo amekaa anahesabu vijiko na kupanga atanunua kwa nani msimu ukianza. Fika saa nne asubuhi, baada ya kifungua kinywa na kabla jikoni hawajaanza chakula cha mchana, na chupa mbili mkononi: moja ya kuonja hapo hapo, nyingine ya kumwachia mpishi mkuu, ikiwa na jina lako, namba yako na kiasi unachoweza kuleta kwa wiki.