Betri ya Akiba Nyumbani: Maswali Kuhusu Asidi, Gesi na Risasi

Betri haijafungwa kwenye gari na haiwashi chochote. Itamdhuru nani ikiwa imekaa tu kwenye kona?

Kukaa kimya kwake ndiko kunakowadanganya wengi. Betri ya kawaida ya gari, ile ya volti 12, ina vyumba 6 ndani yake. Kila kimoja kina sahani za madini ya risasi zilizozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ikiwa imejaa chaji, asidi hiyo huwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko. Kiasi hicho kinatosha kutoboa nguo na kuunguza ngozi.

Umeme nao upo. Ukigusa vichwa vya betri kwa mkono mkavu hupigwi shoti, na hapo ndipo dharau inapoanza. Lakini spana ikilala juu ya vichwa vyote viwili, chanya na hasi, umeme mwingi mno hupita kwa mkupuo: chuma huiva, cheche huruka. Aliyevaa pete au saa ya chuma akaiunganisha hivyo anaweza kuungua hadi ndani ya nyama.

Basi niiweke wapi?

Si chumba cha kulala na si jikoni. Kwa hayo mawili sina mjadala. Tafuta stoo au banda linalopitisha hewa, pakavu, pasipopigwa na jua, mbali na moto, mafuta ya taa na mtungi wa gesi. Pawe na mlango unaofungwa kama kuna watoto. Wapo wanaoipandisha kwenye rafu ya juu kabisa ili watoto wasiifikie, nami siwaungi mkono: betri nyingi za magari madogo zina uzito wa kati ya kilo 12 na 20, na ikiporomoka inaponda na kumwaga asidi kwa wakati mmoja. Rafu imara ya chini ndani ya mlango uliofungwa inatosha.

Isimame wima daima. Chini yake weka beseni la plastiki, kwa sababu sinia la chuma litaliwa na asidi siku betri itakapovuja. Vichwa vifunike kwa vifuniko vya plastiki au mpira, lakini betri yenyewe usiifungie kwenye sanduku lisilopitisha hewa.

Ni kweli kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji?

Hapana. Masanduku ya betri za sasa ni ya plastiki na hayapitishi umeme. Sababu ya kuiondoa sakafuni ni mtoto anayetambaa.

Naweza kuichaji ndani, usiku, nikiwa nimelala?

Usifanye hivyo. Betri inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, hutoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hujikusanya juu, kwenye dari. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inaweza kuilipua. Mara nyingi kinacholipuka ni gesi iliyo ndani na juu ya betri yenyewe, na vipande vya plastiki na asidi humrukia usoni aliyeinama kuiangalia. Hata ile ambayo mafundi huiita betri kavu, yaani iliyozibwa isiyoongezwa maji, ina tundu la kupumulia, na ikichajiwa kupita kiasi hutoa gesi vilevile.

Kwa hiyo chajia penye hewa nyingi. Funga nyaya za chaja kwenye betri kwanza, ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima umeme kwanza, ndipo ufungue nyaya. Usivute sigara karibu. Ukisikia harufu ya yai bovu, au betri imevimba na ni ya moto, usiiguse. Zima umeme kwa mbali, fungua milango, toka nje na wengine wote. Harufu hiyo ni ya gesi yenye sumu, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutoisikia tena hakumaanishi imekwisha.

Asidi ikinirukia nifanye nini?

Maji, na mara moja. Jichoni, fungua kope kwa vidole na umimine maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kitu kingine chochote, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ukianza safari kwanza, asidi inaendelea kula jicho njiani. Kwenye ngozi, vua nguo iliyoloa na uoshe vivyo hivyo. Usipake mafuta, dawa ya meno wala magadi. Magadi soda ni ya kunyunyizia asidi iliyomwagika sakafuni.

Aliyeimeza asitapishwe, maana itamuunguza koo mara ya pili ikipanda. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali haraka. Ajali hii huanzia kwenye kosa moja baya: kuhifadhi asidi ya betri kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri una madhara?

Unao. Ni chumvi zinazotokana na asidi na metali, na huweza kubeba risasi. Usiukwangue ukiwa mkavu wala kuupuliza. Vaa glavu na miwani, ulowanishe kwa maji yenye magadi soda bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, ufute kwa kitambaa cha kutupa. Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Nichaji kila baada ya muda gani?

Pima volti kila mwezi. Iliyojaa husoma karibu 12.6; ikishuka chini ya 12.4, ichaji. Joto huifanya ipoteze chaji haraka zaidi.

Je, risasi inaweza kuwafikia watoto wangu?

Betri nzima isiyovuja haitoi risasi hewani. Hatari huja ikipasuka, au mtu akiivunja uani ili ayeyushe madini. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya udongo wa mtaa wao kuchafuliwa na kazi hiyo. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito humpitishia aliye tumboni.

Betri iliyokufa ipelekwe ikiwa nzima kwa wanaozipokea kwa utaratibu. Na kama mtoto amechezea betri iliyopasuka, usingoje dalili, kwa sababu risasi huathiri ubongo bila kujionyesha. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni betri ya gari, uombe kipimo cha risasi kwenye damu.