Mzazi, Usingoje Mahafali Ndipo Uje Chuo

Mwaka juzi, siku ya mahafali, mama mmoja aliyesafiri kutoka Tukuyu alinivuta pembeni. Shada la maua ya plastiki kwapani, kitenge bado kina harufu ya dukani. "Mwalimu, samahani. Vimbweta ndiyo wapi? Miaka mitatu, kila nikipiga simu usiku naambiwa, mama niko vimbwetani. Mimi nilijua ni baa."

Nikampeleka. Meza na viti vya zege chini ya miti, majina yamekwanguliwa juu yake, vijana wawili wamelalia madaftari. Akakaa, akavua viatu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mwanawe alikuwa anasema kweli.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi ya ushauri wa wanafunzi, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Dar. Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba familia nyingi zinakijua chuo kupitia namba ya malipo tu. Namba inakuja, ada inalipwa, kimya mpaka joho.

Nianze na mwanafunzi mwenyewe. Ukijisajili mwaka wa kwanza, kwenye orodha ya malipo kuna kiasi kidogo cha serikali ya wanafunzi. Umeshalipa, kwa hiyo wewe ni mwanachama, upende usipende. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikosoma mimi, inaitwa DARUSO, na ina rais wake, mawaziri na bunge. Wengi huikumbuka wakati wa kampeni, kwa ajili ya fulana na spika. (Zamani watu walijitosa zaidi ya hapo. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida lao, Cheche, wakiandika siasa za dunia nzima. Mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alikuwa mmoja wa vijana wa harakati zile.)

Ila ukiniuliza pa kuanzia, sitakutuma jukwaani. Nitakwambia ugombee u-CR, uwakilishi wa darasa. Hakuna posho, na lawama ni za kila siku. CR ndiye anayetafuta chumba kingine pale mnapokuta darasa limeshachukuliwa. Ndiye anayepeleka notsi za mhadhiri kwa jamaa wa fotokopi, na ndiye anayegonga mlango kusema, "Mwalimu, tuna testi mbili siku moja." Muhula mmoja wa kazi hiyo unakufundisha kuongea na mkubwa bila kutetemeka na kuongea na wenzako bila kuwatukana. Wanafunzi wakija kuniomba barua ya mapendekezo, za waliokuwa ma-CR hujiandika zenyewe, maana nina la kusema.

Asiyetaka uongozi ana kwaya, timu za michezo, jumuiya za dini, za Wakristo kama TYCS na USCF, na za Waislamu kama MSAUD. Wanafunzi wa sheria Mlimani wana bahati zaidi: wakiwa chini ya walimu wao, wanashiriki kutoa msaada wa kisheria kwa watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Huko mwanafunzi hukutana na mzee mwenye mgogoro wa kiwanja, na hati iliyokunjwa mara nane kwenye mfuko wa rambo. Hayo huyasomi kwenye slaidi.

Sasa wazazi. Mzazi akija ofisini kwangu kuuliza matokeo ya mwanawe, simpi. Mtoto ana miaka ishirini, matokeo ni yake. Baba mmoja aliniambia, "Mimi ndiye ninayelipa!" Nikamwagizia chai. Lakini kuna karatasi moja ambayo si siri ya mtu, na ina faida kuliko matokeo: almanaka ya chuo. Inaonyesha muhula unaanza lini, mitihani lini, likizo lini. Mwombe mwanao akuletee, uibandike ukutani jikoni. Ukijua wiki ipi ni ya maandalizi ya mitihani, hutampigia aje kumsindikiza shangazi kwenye kipaimara Moshi. Vivyo hivyo na bumu, hela ya mkopo ya kujikimu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hela hiyo huja kwa mafungu, haiji kila asubuhi. Mzazi anayejua fungu linaingia lini anajua pia ni wiki zipi mwanawe anakula mihogo na chai, na simu zake zinakuwa na adabu nyingine.

Mchango ambao wazazi hawaujui kabisa ni nafasi za fildi. Kila mwaka vijana wetu wanazunguka mjini na barua za utambulisho wakitafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, kwa wiki nane hivi. Wenye wajomba kwenye ofisi kubwa wanapata. Wengine wanapanga foleni. Na wewe una gereji, famasia, shamba la kuku, duka la vifaa vya umeme! Unachotakiwa kufanya ni kupokea barua, kumpa kijana kazi za kweli, kusaini daftari lake la kila siku na kukaa na msimamizi kutoka chuoni akija kukagua. Si lazima awe mwanao, na kwa kweli ni afadhali asiwe yeye. Fundi mmoja wa Gerezani alipokea vijana wawili wa uhandisi, akanipigia wiki ya pili: "Mwalimu, hawa wanajua hesabu, ila spana wanashika kama kijiko." Mwaka uliofuata aliomba wengine.

Na kuna siku za wazi. Mlimani huwa na wiki ya utafiti na ubunifu, wanafunzi wanaonyesha walichobuni. Kuna pia mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa kilichoanzishwa 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia. Ni mambo ya kusikiliza hata kama uliishia darasa la saba.

Msidhani mimi nilijua haya tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilipoandaa siku ya wazazi, niliweka Ijumaa saa nne asubuhi, nikaandika barua kwa Kiingereza kizito, nikawapa wanafunzi wazipeleke nyumbani. Walikuja wazazi saba. Soda kreti sita tulikunywa wenyewe mpaka Jumatano. Mara ya pili niliweka Jumamosi, nikatuma ujumbe wa simu wa Kiswahili, mistari miwili. Viti havikutosha, ikabidi wengine wakae vimbwetani.

Yule mama wa Tukuyu mtoto wake wa pili ameanza mwaka wa kwanza. Ameshanitumia ujumbe: anataka almanaka, tena ya karatasi, picha ya simu hataki. Na ameuliza kama mwezi wa tano kuna shughuli yoyote, maana viazi atakuwa ameshavuna.