Namba za chini zikifanana, je, zinafutwa tu?

Wanafunzi wengi wa aljebra huamini kwamba katika mlinganyo wa vipeo, namba za chini (kama 2 katika 2⁶, ambapo 6 ni kipeo) zikishafanana unazifuta na kujumlisha vipeo vilivyobaki. Imani hii haikuzuka hivihivi: 2ˣ × 2ˣ = 2⁶ hutoa kweli 2x = 6, yaani x = 3, kwa sababu ukizidisha, vipeo hujumlishwa.

Sasa badilisha alama tu: 2ˣ + 2ˣ = 2⁶. Njia ileile inatoa x = 3 tena. Rudisha 3 mahali pa x: 8 + 8 ni 16, ilhali 2⁶ ni 64. (Upimaji huu wa sekunde chache, kwa maoni yangu, unafaa kuliko kanuni yoyote ya kukariri.) Upande wa kushoto ni 2ˣ mara mbili, yaani 2¹ × 2ˣ, ambayo ni 2ˣ⁺¹. Basi x + 1 = 6, na x = 5. Pima: 32 + 32 = 64.

Vipeo hulinganishwa pale tu kila upande unapobaki na namba moja yenye kipeo. Hata hapo, namba ya chini iwe chanya na isiwe 1: 1³ ni sawa na 1⁷, ingawa 3 si 7.