Takwa Huendewa kwa Maji, Si kwa Saa

Ratiba ya wageni wa siku nne Lamu imeletwa tena: "Siku ya pili, saa tatu asubuhi, magofu ya Takwa." Takwa ni mji wa kale ulioachwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, na chombo huingia kwa kupita kati ya mikoko. Wageni wanafika tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo siku yao ya pili ni tarehe 15. Asubuhi hiyo, saa tatu, mkono wa bahari unaoingia Takwa ni tope tupu na mizizi. Karatasi ni ile ile ya miezi yote, imebadilishwa tarehe tu. Anayeiandika anaamini kwamba safari ya siku nne Lamu ni kama kuingia mbuga ya wanyama: lango lina saa zake, ukilipa unapita. Takwa lango lake ni bahari. Hufunguka mara mbili kwa siku, na kila siku kwa saa nyingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa na kutoka mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapopevuka ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana. Siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alasiri na alfajiri, na hutoka kabisa kuanzia saa nne asubuhi. Nusu ya mwezi, yaani kama tarehe 8 na 22, ni maji mafu, yaani hayajai sana wala hayatoki sana, na mambo hugeuka: maji yamejaa saa nne au saa tano asubuhi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya ratiba tayari.

Siku za taabu ni tarehe 17 hadi 19, na 3 hadi 5. Hapo maji hujaa magharibi na alfajiri, adhuhuri hakuna kitu. Takwa ya siku hizo ni kuondoka Lamu gizani, kushuka kunapopambazuka, na kurudi kunywa chai mjini. Wageni wengi huipenda mno wakishafika. Kazi ni kuwaambia jioni iliyotangulia.

Sasa linalogombanisha nahodha na kiongozi wa msafara kila wiki: "Tuongeze saa moja, maji bado yapo." Yapo, kweli. Lakini maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni takriban mita 3. Saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka kama sentimita 25 tu. Mtu aliyekaa juu ya ukuta wa Takwa akitazama mikoko haoni mabadiliko. Saa ya pili, sentimita 50. Saa ya tatu, 75, na ya nne vile vile. Saa ile ya kwanza ndiyo inayodanganya. Mgeni ameona saa nzima imepita na bahari haikuondoka, akaamini kwamba saa inayofuata itakuwa hivyo hivyo. Tazama mkoko ulio karibu na ngazi ya kushukia: mizizi yake ina mstari wa tope bichi unapoishia maji. Mstari huo ukiwa na upana wa kiganja, panda. Ukifika urefu wa mkono, tayari mnasukuma chombo kwa upondo, ule mti mrefu wa kuchokolea chini.

Mkikwama saa moja na nusu baada ya maji kujaa, hamtaelea mpaka saa moja na nusu kabla ya kujaa tena. Huo ni muda wa zaidi ya saa tisa. Aliyekwama saa kumi na moja na nusu jioni ataelea kama saa tisa usiku, na mbu wa mikoko hawana huruma. Kutembea kutoka si njia: tope linafika magotini na chaza waliong'ang'ania mizizini hukata nyayo kama wembe. Tena bamvua ikishapita kilele, kila maji yanayofuata huwa mafupi kuliko yaliyotangulia. Chombo kilichopandishwa mbali siku ya kilele huweza kuachwa hapo kwa siku kadhaa.

Jedwali la maji nalitumia, ila nalishika kwa tahadhari. Saa zake ni za bandarini, na ndani ya mkono ule mwembamba maji huchelewa. Kwa kiasi gani, sina kanuni inayofaa siku zote: kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma kwa nguvu mambo hubadilika, na chombo chenye watu kumi hutaka maji zaidi kuliko chenye wanne. Kwa maji mafu ndiyo huwa na shaka zaidi, maana hata yakijaa ni haba. Hapo neno la mwisho ni la nahodha, hata kama jedwali linasema vingine.

Takwa penyewe saa moja na nusu yatosha. Ukuta wa mji, msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 Hijria, yaani karne ya 17 kuelekea mwisho. Kwa nini watu walihama? Hutajwa visima kugeuka chumvi, hutajwa ugomvi na Pate, mji wa kisiwa jirani. Nawapa wageni zote mbili wala siwachagulii.

Na asubuhi ya bamvua, bahari ikiwa imetoka? Hiyo ni ya mji. Tembea Lamu hadi Shela kwa njia ya ufukweni, kama dakika 45, kwa sababu alasiri sehemu za njia hiyo zimefunikwa. Kisha ingia nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, pita daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua wa katikati), misana (kumbi ndefu zinazofuatana) mpaka ndani, halafu inua macho. Boriti zimepangwa moja moja, kila kichwa kimezama ukutani. Chumba ni kirefu na chembamba, upana wake haufiki mita 3, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki hapo bila kupinda. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: majina haya ni ya unene wa mti, na fundi huagiza kwa jina. Alasiri hiyo hiyo dau linapita katikati ya miti yenyewe, na mgeni anayaona mapaa kabla hayajawa mapaa. Ndiyo maana nakataa ratiba inayoandika "siku ya mazingira" na "siku ya urithi". Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na mji umejengwa kwayo.

Pate ni kwa kifupi. Mji wa Pate hufikiwa kwa chombo maji yakijaa tu. Yakiwa yametoka, shukia gati ya Mtangawanda utembee kama saa moja. Mji wa Siyu ni kilomita 8 mbele, na ngome yake yataka nusu siku, kwa hiyo laleni huko. Kwa tanga, kusi hukupeleka Pate mbio na kukurudisha kwa kupiga bisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, siku nzima. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume chake. Matumbawe ya kisiwa kidogo cha Manda Toto yaache mpaka msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu.

Ijumaa adhuhuri hakuna kung'oa nanga.

Basi anayetaka siku nne alete kwanza tarehe, idadi ya watu, na kama yupo asiyeweza kutembea saa moja juani. Saa za kuondoka nitampa mimi, nikishatazama mwezi.